Mchoro Ulioanikwa na Omena

Ndugu yangu alipofariki alituachia mchoro mmoja tu. Ulibaki ukutani kwa mama, huko Dunga kando ya ziwa, kwa sababu ulikuwa mzito mno kubeba. Rangi alikuwa ameichanganya na mchanga wa ufuoni na magamba ya samaki, ikapandana matuta matuta kama tope lililokauka baada ya ng'ombe kupita. Haukuonyesha mtu wala mti.

"Hii ni ramani ya wapi?" mama alikuwa akimtania.

"Ya kwenu, Mama, usipotee."

Kwenye kona ya chini, rangi ikiwa bado mbichi, alikuwa amekandamiza dole gumba. Mistari yote ya ngozi ilionekana. Baada ya mazishi, mama alizoea kutia kidole chake mle kila alipopita kwenda jikoni.

Mvua zilipozidi, ziwa likapanda hadi uani na ukungu ukauvamia mchoro. Mama ameuza omena, dagaa wa ziwani, maisha yake yote. Kitu kikishika unyevu, anajua dawa yake ni jua. Akaushusha, akaulaza juu ya wavu katikati ya omena waliokuwa wakikauka. Nilipofika jioni, rangi ilikuwa imepasuka na kujikunja. Mahali pa dole gumba palikuwa kitambaa kitupu.

Mama alikuwa amepiga magoti akiokota vipande na kuvitia kwenye sufuria. Tulitafuta mpaka giza likaingia. Lakini omena wa upande ule walikuwa wameshazolewa, na mnunuzi wa Kisian alikuwa ameondoka na gunia lake.

Nilimwomba mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Maseno, mwanamke anayetengeneza michoro iliyoharibika, aje kuutazama. Aliwasha tochi akaishika kwa ubavu, mwanga ukalala juu ya matuta na kila ufa ukatoa kivuli chake. Akaugeuza, akanusa kitambaa kwa nyuma.

"Huyu alikuwa na mkono wa sanaa," alisema polepole. "Hata ulivyo sasa, kuna watu wangeutaka."

"Mimi siuzi, Daktari," mama akasema. "Nataka kidole cha mtoto wangu."

Mhadhiri akamwaga vipande vya sufuria juu ya gazeti, akavipitia kimoja kimoja kwa kibano. Vingine vilikuwa vichwa vya omena. Akavitenga kando.

"Hakipo, Mama."

"Si mnajua kuiga? Tengeneza kingine."

"Naweza. Lakini kitakuwa changu."

Mama alimtazama mikono. "Basi kaa nacho."

Mhadhiri akaanza kugandisha vipande vilivyolegea, akaiacha ile kona wazi. Kabla ya kuondoka alituagiza: mchoro uwe mbali na dirisha na moshi, vumbi lipanguswe kwa brashi laini, maji yasiuguse kabisa. Na usiguswe kwa mkono, kwa sababu mafuta ya ngozi huila rangi taratibu.

"Hata nikinawa?" mama akauliza.

"Hata ukinawa, Mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa aache chumvi.

Mchoro sasa uko kwenye ukuta mkavu, kando ya njia ile ile ya kwenda jikoni. Haujadondosha hata chembe. Kila nikienda namkuta mama akitokea mlango wa mbele, akizunguka nyumba kwa nje kwenda jikoni na sufuria yake mkononi, hata kukinyesha.