Tela Iliyoungwa kwa Rangi

Mtaani walimwita Mama Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa makamo mwenye mikono yenye madoa ya moto mpaka viwikoni. Mageti karibu yote ya mtaa ule yalipita mikononi mwake. Hata kiti cha mama mkwe wake alikichomelea yeye, akakipa miguu mizito ili mkwe asije akaanguka akapata la kusema.

Mdogo wake wa mwisho walimbandika jina la Tayari, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Huyu alikuwa akikodisha mashine ya kuchanganyia zege kwa wajenzi, na alikuwa amechoka kubembeleza watu wambebee. Basi akanunua mashine ya kuchomelea, akajifungia uani kwake, akaibuka na tela. Hakumwambia dada yake, maana alijua angeshikwa mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika.

Asubuhi moja akaivuta kwa pikapu mpaka mbele ya karakana ya dada yake. Tela ya buluu, inang'aa, na mashine ya zege imefungwa juu yake kwa kamba.

"Dada, toka uone mambo!"

Mama Cheche akatoka, akapandisha miwani yake myeusi, akaizunguka tela. Akachuchumaa pale mkono wa tela ulipoungana na fremu, akakwangua rangi kwa ukucha.

"Hapa umechomelea, au kuku wamepita?"

"Ndivyo inavyokuwa ikipoa, Dada."

Akagonga kwa nyundo. Badala ya kulia kama kengele, chuma kikajibu kama sufuria iliyopasuka.

"Umebandika juu juu tu. Rangi haibebi mzigo, baba. Na hii kamba?"

"Madhubuti hiyo!"

"Naijua. Juzi wifi kaanikia shuka."

Tayari akavimba. "Si nimetoka nayo nyumbani ikafika?"

"Umepita tambarare. Haya, vuka hilo tuta la barabarani. Ukivuka salama, nenda zako, na sitakusema mpaka mwaka uishe."

Ahadi tamu kama hiyo Tayari hakuwahi kupewa tangu azaliwe. Akarukia usukani. Mama Cheche akawasogeza watu kando ya njia, akasimama mikono kiunoni. Alichotarajia ni ufa mdogo tu, wa kumtia mtu adabu.

Pikapu ikapanda tuta, ikashuka. Tela ilipopanda, kikasikika kishindo: tak! Mkono wa tela ukaenda na pikapu, tela yenyewe ikabaki na tuta. Pua yake ikachoma ardhi, kamba ikakatika kama uzi, na mashine ya zege, ambayo ilikuwa na magurudumu yake yenyewe, ikaruka chini na kushika mteremko.

"Ishikeni!" akapiga kelele Mama Cheche, kana kwamba kuna mwenye akili timamu angeishika. Akaikimbiza, aproni ya ngozi ikimpiga magotini. Mashine ikaingia uani kwa kinyozi, ikajikita kwenye rundo la mchanga, ikatulia. Mteja aliyekuwa kitini, nusu kanyolewa na nusu bado, alishakuwa juu ya ukuta na kitambaa shingoni.

"Kuna aliyeumia?" akauliza Mama Cheche.

"Sijui," akajibu yule wa ukutani. "Hebu nihesabieni masikio."

Yakahesabiwa, yakawa mawili. Watu wakaangua kicheko.

Tayari hakucheka. Alitazama mchanga ule, kisha barabara kuu kule chini, magari yakipishana. Akaketi chini.

"Dada, isingesimama hapa je?"

Mama Cheche alikuwa na maneno ya kumtosha mwezi mzima, lakini akayameza.

"Hata mimi nilifanya upuuzi," akasema. "Tungeijaribu tupu. Inuka, twende tukaibomoe."

Wakaibomoa. Tayari akafundishwa kuunga vyuma chakavu, kisha kuvigonga kwa nyundo. Vya mwanzo vilivunjika kama biskuti, akanuna. Vya baadaye chuma chenyewe kilipinda, kiungo kikakataa katakata kuachia, akaruka kwa furaha. Lakini mkono wa tela Mama Cheche aliuchomelea kwa mkono wake. Akaongeza minyororo miwili chini yake, ikapishana hadi kwenye pikapu, ili hata ukiachia usifike ardhini. Mashine ikatiwa kabari magurudumuni, ikafungwa mikanda imara pande zote nne.

Siku ya kuipeleka mashine kwa wajenzi alimuaga mdogo wake kwa kumkaripia, kama kawaida. Pikapu ilipokata kona tu, akakodi pikipiki akaifuata kwa mbali, roho mkononi.

Kwenye kituo cha mafuta cha kwanza Tayari akasimama. Wakati dada yake amejibanza nyuma ya pampu, yeye akashuka, akavuta mkanda mmoja mmoja, akakaza uliolegea, akainama kuitazama minyororo. Kisha akapanda, akaondoka taratibu.

Mama Cheche akapangusa macho, akasingizia vumbi.

"Geuza turudi," akamwambia mwenye pikipiki.

"Si ulisema tumfuate mpaka afike?"

"Geuza, nimesema. Na hiki kibebeo chako cha nyuma kimeshikwa na waya, ukinishusha, usiondoke."