Mchicha Usiogusa Udongo

Tangu siku tuliyomzika binti yetu wa kwanza, mke wangu hakula kitu chochote kilichoota kwenye udongo wa pale tulipokuwa tunaishi. Hilo naliweka mwanzo ili mtu asije akaniuliza baadaye. Na asimwite mwendawazimu, kwa sababu hakuwa hivyo. Alipika, alifua, aliamkia wakubwa zake. Lakini jirani akimletea mchicha anaurudisha na sahani yake, anasema kwa sauti ya kawaida tu, "Udongo huu umemla mwanangu. Mimi siwezi kuula."

Tulikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Katoro, miaka ya themanini mwanzoni, wakati sabuni na sukari ni vitu vya kusimuliana. Mimi nilikuwa nafua na kunoa mitalimbo ya wachimbaji. Shule niliiacha darasa la pili, lakini nyumba yangu ilikuwa ya bati, na bati nilinunua kwa mikono hii, sikupewa na mtu. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini hatukuhama, jibu ni kwamba kazi yangu ilikuwa pale. Na kaburi lilikuwa pale. Yeye mwenyewe kila Jumapili baada ya misa alikuwa analifagia. Kula chakula cha pale hataki, kuondoka hataki.

Alikula ugali wa unga uliotoka kwao Ushetu. Alikula dagaa wa Nkome, kwa vile wametoka majini. Mboga yake ilikuwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo mama yake alikuwa anamtumia kwa gunia. Halafu mvua ikakosa Ushetu, gunia likaacha kuja, na mke wangu akapata mimba, yote kwa pamoja.

Nesi wa zahanati alimfunua jicho kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa kweupe.

"Huyu anakula nini?"

"Ugali na dagaa," nikasema.

"Majani je?"

Mke wangu akatazama dirishani. Nesi akanivuta nje, akaniambia bila kuzunguka, "Baba, damu hakuna. Vidonge navyo vimekwisha, havijaletwa. Siku ya kujifungua akitoka damu kidogo tu, utawazika wawili. Mlishe majani hata kwa kumshika taya."

Nilirudi nyumbani natembea nyuma yake. Visigino vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyekanyaga unga.

Kumshika taya sikuweza. Nilichokuwa nacho ni magunia mawili juu ya dari.

Hayo magunia yana habari yake. Kabla ya machimbo nilikuwa mtunza bustani kwa mhandisi mmoja mzungu, kwenye mgodi huko Shinyanga. Mke wa mhandisi alikuwa anapanda nyanya barazani ndani ya mawe meupe, mepesi kama bisi, anayaita perlaiti. Udongo hakuna hata chembe. Aliniambia ni jiwe linalochomwa moto mkali mpaka linafumuka. Lenyewe halina chakula, linashika maji na hewa tu. Chakula unakiyeyusha kwenye maji ukamwagilia. Mimi ndiye niliyekuwa namwagilia, kwa hiyo mkono wangu ulijua. Walipoondoka nchini wenzangu waligombania redio na magodoro. Mimi nilibeba magunia mawili ya perlaiti, wakanicheka mpaka kituo cha basi. Wacheke tu.

Nikamwambia mke wangu, "Nikikupandia mchicha ambao haujagusa udongo, utakula?"

Alifikiri sana. "Nitautazama kwanza," akasema.

Kaka yake mkubwa alikuwa anachimba pale pale, mtu wa maneno mengi na roho nzuri. Siku nimekwenda kutafuta mbegu, alisikia kwamba yale mawe yanatakiwa yalowe na kutolewa vumbi, maana vumbi lake linachoma kifua. Akaona anisaidie. Alibeba gunia moja mpaka kwenye dimbwi la kuoshea dhahabu, akachukua karai lake, akafanya kazi aliyoizoea. Nilimkuta anajifuta jasho.

"Shemeji, umepigwa!" akaniita toka mbali. "Gunia zima nimeosha, kimebaki kiganja cha mchanga."

"Na mawe yako wapi?"

"Mawe gani? Yale yaliyoelea? Nimeyamwaga. Tangu lini kitu cha maana kikaelea?"

Dimbwi lote lilikuwa jeupe. Wachimbaji walikuwa wamesimama wanashangaa, mmoja anasema jiwe linaloelea ni la kichawi, mwingine anasema ni bisi za wazungu, mwonjesheni shemeji yake. Nilichukua chandarua kikuukuu nikaanza kuyavua. Mke wangu akafika, akasimama ukingoni. Lile dimbwi lilikuwa tope tupu, na humo ndimo walimomwaga zebaki zao.

"Yaacheni," akasema. "Hayo yameshagusa."

Kaka yake akalishusha karai. Alipoelewa alichofanya, yule mtu mrefu alikaa chini akashika kichwa. Sikumtukana. Yule alikuwa damu ya mke wangu, na hofu yetu ilikuwa moja. Nilimwambia tu, "Nenda Ushetu kwenu, kaniletee mbolea ya chumvichumvi wanayowekea tumbaku. Na safari hii usiioshe."

Alikwenda siku ileile, kwa lori la mkaa.

Kwa gunia lililobaki nilipasua madumu ya mafuta kwa urefu, nikayasugua, nikatoboa tundu ubavuni, juu kidogo ya kitako, ili maji yabaki chini kiasi na yanayozidi yatoke. Nikayapandisha juu ya kichanja cha vyombo, mbali na ardhi. Mbolea aliyoleta niliiyeyusha, nikaichuja kwa kitambaa, nikaongeza chumvi ya haluli kidogo, ile dawa ya kuharishia, kama mzungu alivyokuwa anafanya. Mara ya kwanza niliikoleza, ncha za majani zikaungua. Nikasuuza mawe kwa maji matupu, nikapunguza. Jirani mmoja akaniuliza, mbona maji ya kisima yametoka ardhini na mkeo anayanywa? Nikamwambia afunge mdomo, mtu aliyefiwa haulizwi mahesabu.

Mchicha uliota. Mwembamba kwanza, halafu ukajaa. Mke wangu alikuwa anapita pale kila asubuhi, tumbo linamtangulia, anashikilia ukuta ili asianguke. Siku moja aling'oa shina moja. Mizizi ilitoka myeupe, imekumbatia vijiwe. Akaigeuza, akainusa, akapitisha kidole akatazama kama kidole kimechafuka. Mimi nilikuwa kwenye mvukuto wa kufulia vyuma, nimeacha kuvukuta, chuma kinapoa.

Akachuma. Akapika. Akala polepole, kaka yake na mimi tunamtazama kama watu wanaotazama shimo lililotitia.

"Hauna ladha," akasema. Akaongeza tonge.

Shemeji alitoka nje, nikamsikia anapenga kamasi nyuma ya nyumba.

Alikula huo mchicha kila siku ya Mungu. Nikivuna dumu moja, jingine linakaribia. Nesi alimfunua jicho tena, akaona wekundu, akamfunua na la pili. Mtoto alizaliwa wa kiume. Damu ilitoka, lakini mama alibaki.

Hata baada ya hapo hakubadilika. Ananyonyesha, anakula cha kwenye madumu. Nikajua ndivyo tutakavyoishi, na nilikuwa tayari.

Mtoto akaanza kutambaa. Asubuhi moja tulimkuta amekaa uwanjani, amejaza mdomo udongo, anautafuna kama wanavyofanya watoto wote, mate mekundu yanashuka kidevuni. Niliruka nimwahi. Mke wangu akanishika mkono. Alisimama akamwangalia mwanawe anameza. Yule mtoto akatucheka, akachota mwingine.

Akamnyanyua, akamfuta mdomo kwa pindo la khanga, akaondoka naye. Alirudi kutoka kwa jirani na fungu la matembele, vikonyo bado vina udongo. Aliyaosha, akayapika, akatenga. Tulikaa chini tukala.