Fasi Yangu Nyuma ya Bati

Kazi yangu kwenye lile lori ilikuwa kukaa nyuma ya bati. Mume wangu alisimama nje na nyundo; mimi niliingia ndani ya kabini, nikapiga magoti pale kilipokuwa kiti cha dereva, na kukandamiza kipande cha chuma kizito upande wa pili wa pale alipogonga. Bila chuma nyuma, nyundo inahamisha tu bonde kutoka hapa kwenda pale. Chuma kikiwepo, bati linakubali kunyooka. Hatukuonana, tulisikilizana. Akigonga mara mbili haraka, nilijua nishuke kidogo. Akigonga mara moja kwa nguvu, tumemaliza hapo. Tuna watoto wanne na vyumba viwili hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na sikumbuki mahali pengine tulipowahi kuwa sisi wawili tu kwa saa nzima.

Lori lilikuwa gofu. Lilikaa miaka mingi nyuma ya duka moja Kabingo, kuku wakitaga ndani yake, mpaka mwenyewe alipokubali kutuachia kwa ng'ombe wetu. Injini mume wangu aliifufua mwenyewe. Tulitaka kubeba mahindi na maharage ya wakulima wa Rugaaga kuyapeleka Mbarara. Ilibaki kabini. Sakafu, sehemu ya chini ya mlango na nguzo ya mlango upande wa dereva vilikuwa vimeliwa na kutu, hata ukikaa ndani unaona nyasi.

Alijaribu kuchomelea mwenyewe kwa mashine ya kuazima. Bati la kabini ni jembamba. Kila alipoligusa lilitoboka, na pale lisipotoboka lilijikunja mawimbi. Baada ya siku tatu alitupa vijiti vya kuchomelea chini, akasema kuna fundi Mbarara, chini ya mlima wa Kamukuzi, anayeyajua mabati membamba na anatumia gesi.

"Batu bote banamusifu," alisema.

Nikamwambia amlete. Siku ya kuja kwake nilisonga bugali ya kumtosha mwanaume wa kazi nzito.

Pikapu iliyobeba mitungi ya gesi ikasimama uani, na aliyeshuka alikuwa mwanamke. Alivaa suruali chini ya gauni, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma ili moto usikipate, na alipotusalimia nikaona mwanya kati ya meno yake ya mbele. Mwanya niliuona kabla ya kuona mitungi.

Nilimfuata mume wangu jikoni.

"Weye ulijua ni mwanamuke?"

"Si nilisema fundi?"

"Ulisema fundi."

"Na njo fundi."

Siku mbili zilizofuata niliangalia kuliko nilivyowahi kuangalia kitu chochote. Kwanza alikata kutu yote. Hakukata palipooza peke yake, aliendelea mpaka msumeno ukatoa vumbi linalong'aa. Halafu akachukua karatasi ya mfuko wa saruji, akaikandamiza juu ya tundu, akachora ukingo kwa mkaa. Karatasi hiyo akaiweka juu ya ubavu wa friji ya zamani aliyokuja nayo, akakata kipande, akakilaza juu ya gunia la mchanga na kukigonga kwa nyundo ya mti mpaka kikapata tumbo lilelile la mlango. Kipande kimoja, nusu siku. Akichomelea, alitia nukta moja hapa, nyingine mbali kule, kisha akasogeza mgongo wa mkono karibu na bati kusikiliza joto. Lilipopoa ndipo akarudi.

Hayo niliyaona vizuri. Niliona pia kwamba mume wangu, ambaye mimi nikimweleza jambo hutazama barabara, alimsikiliza akiwa amechuchumaa kama mtoto wa shule. Siku ya kwanza alicheka mara nne. Siku ya pili mara saba, na mbili kati ya hizo hakuna mtu aliyekuwa amesema neno la kuchekesha. Jioni aliniambia, "Uliona mikono yake? Iko sawa ya munganga."

"Nimeona," nikasema.

Jirani yangu, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama pembeni ya ua.

"Mama batoto, iyi lori yenu imeoa bibi wa pili?"

"Iko fundi."

"Ule wa bwana wangu naye alianzaka na kushona kola ya shati yake."

Akaenda zake akicheka, maji yakimwagika.

Lakini si kicheko wala mikono iliyoniuma zaidi. Yule mwanamke alishika nyundo mkono wa kulia, akazungusha wa kushoto nyuma ya mlango na kushika chuma mwenyewe. Alijigongea na kujiegemezea. Hakuhitaji mtu nyuma ya bati. Mimi nikabaki mpishi, na hata huko alinipita: alikula sombe yangu, kisamvu cha kwetu, akaisifu mpaka nikashindwa kumnunia mezani.

Siku ya tatu walifika kwenye nguzo ya mlango. Pale kipande kilikuwa kirefu, mtu mmoja asingeweza kukishikilia na kuchomelea, na mume wangu alikuwa amekamata mtungi usiyumbe kwenye udongo mbovu. Fundi akaniita nyabo, yaani mama kwa lugha ya huku. Niliingia kabini, nikapiga magoti mahali pangu pa zamani, nikabana kipande kwa koleo. Nilifurahi, nikaminya kwa nguvu zote, bati kwa bati, pasipite hata unywele.

Akawasha moto. Nikasikia sauti yake katikati ya mlio wa gesi: "Nyabo, acha nafasi."

Kwetu Kivu Kusini, fasi ni mahali. Mimi nilisikia *acha fasi*: ondoka hapo.

Nikazidi kubana. Tena akarudia, kwa sauti ya juu: "Nyabo! Acha nafasi, nasema!"

Nikaacha. Nilifungua koleo, nikatoka mlango wa upande wa pili, nikaelekea jikoni bila kugeuka. Nyuma yangu kipande kiliteleza, kikaanguka ndani ya nguzo, na moto uliokuwa umekilenga ukala ukingo mzima wa bati zuri alilolisafisha. Nilisikia fundi akipiga kelele kwa Kinyankore, na mume wangu akinikimbilia.

"Unaenda wapi? Umeharibu! Kazi ya siku nzima!"

"Mi naacha fasi. Si njo amesema? Bakae banaume na banamuke benye kujua."

"Unasema nini weye?"

"Naye akae pale. Pamoja na meno yake."

Alinitazama mdomo wazi. Hakuwa amewaza lolote juu ya meno, nililiona hilo usoni mwake, na badala ya kunituliza likaniaibisha.

Fundi ndiye aliyekuja jikoni. Aliketi kwenye kibao bila kukaribishwa, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, masizi mashavuni.

"Nyabo, mimi nimekosa nini?"

"Umenifukuza."

"Nani? Mimi? Mimi nimesema acha nafasi."

"Njo ile. Fasi."

Alifikiri kidogo. Kisha akaweka viganja vyake viwili pamoja, vikigusana, akavisukuma mpaka vikapinda juu kama paa.

"Bati inapata moto, inakuwa kubwa. Kama hakuna nafasi, inasukumana. Inaharibika, inafanya mawimbi. Wewe ulibana sana." Akatenganisha viganja, kidogo tu. "Nafasi. Kidogo, kama wembe. Kama hii."

Akafungua mdomo, akaweka ukucha kwenye mwanya wa meno yake.

Nilicheka kabla sijajizuia. Naye akacheka, bila kujua ninacheka nini, na nilimwona karibu: alikuwa na alama za kuungua shingoni, na uchovu wa mtu aliyelala siku mbili kwenye mkeka wa wageni. Sikumpenda. Lakini niliinuka.

Alikata kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, maana tundu nami nilikuwa nimelikuza. Safari hii nilikishika kwa mkono mwepesi na kuacha wembe wa mwanga kati ya bati na bati, na kupitia mwanga huo nilimwona akitia nukta zake. Zilikaa. Kisha akasema sehemu za nukta zimejivuta kwa moto, lazima zigongwe na chuma kikiwa nyuma, ndani kabisa ya nguzo. Akajaribu kuingiza mkono wake. Ukakwama kwenye kiwiko. Wa mume wangu haukupita hata kiganja.

"Wewe ndiye mwembamba," akaniambia. Ilikuwa alasiri. Akampa mume wangu nyundo, akachukua birika la maji, akaenda pembeni ya nyumba kutawadha na kuswali.

Niliingiza mkono mpaka begani, shavu limegusa bati ambalo bado lilikuwa na joto, na chuma kimeniumiza vidole. Mume wangu alichelewa kugonga, kana kwamba amesahau namna. Kisha zikaja mbili za haraka. Nikashuka.

Tuligonga hivyo mpaka mwisho wa mshono. Wakati fulani nilisikia hatua za fundi akirudi, akasema neno nisilolisikia, na mume wangu akacheka. Siku ile alicheka mara hiyo moja tu. Bati lilikuwa katikati, sikuweza kuona alikuwa akimtazama nani. Nikakihesabu kicheko hicho kuwa changu, nikangoja pigo lile moja la nguvu.