Mtoto Aliyeachishwa Ziwa Mwaka wa Waasi

Juzi vijana wawili walikuwa wanabishana kwenye baraza yangu. Walikuwa wamesikia redioni habari za baba mmoja, sijui wa nchi gani, aliyemwacha mwanawe ndani ya gari juani mpaka akafa. Mmoja alisema haiwezekani mtu akamsahau mtoto, huyo baba aliua kwa kusudi. Mwingine alisema inawezekana. Walikuwa wanakunywa chai yangu na kucheka katikati ya maneno. Niliwafukuza wote wawili pamoja na chai yao, na mjukuu wangu akaniambia nimeanza kuzeeka vibaya. Labda. Lakini maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa msichana, na wakati ule mtu aliyekuwa anabishaniwa ni mama yangu.

Tulikuwa tunakaa katika mtaa unaoitwa leo Mangobo, katika boma la Waislamu ambao wazee wao walifika Kisangani na misafara ya biashara, wakabaki. Papa alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye alikuwa mkubwa, na alizaa wasichana watupu, mimi wa kwanza, na nyuma yangu wadogo wawili waliokuwa hawatulii hata dakika. Mama mdogo, mke wa pili, alitoka Isangi, kule chini ya mto. Aliletwa akiwa bado anaongea Lingala kuliko Kiswahili, na mama ndiye aliyemfundisha kuswali, kupika pilau, na kunyamaza mbele ya mashangazi wa papa. Alimwita mama yangu yaya, kama dada yake wa tumbo moja. Naye akazaa mtoto wa kiume. Nyumba nzima ilimfurahia mtoto yule, mimi pia, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona kwamba mashangazi walikuwa wanamwangalia mama yangu kila walipombeba.

Papa alikuwa na gari. Alilinunua mwaka wa uhuru kwa Mbelgiji aliyekuwa anafunga mizigo haraka kuliko alivyoweza kuifunga vizuri. Waasi walipoingia mjini, miaka minne baadaye, papa alikuwa Opala kutafuta mpunga, na njia zikafungwa, akabaki huko. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa amesikia kwamba kila mji waasi wanapofika wanachukua kila gari zima, basi akalitoa magurudumu, akalipandisha juu ya matofali nyuma ya jiko, akafunga vioo. Sisi wanawake tukamaliza kazi. Tuliliviringishia mikeka ya zamani, tukaweka miti juu yake, na juu ya miti tukaanika mihogo. Mtu akichungulia kutoka njiani aliona kichanja cha mihogo tu. Hata mimi niliyejua, siku nyingine nilikuwa nasahau kwamba chini yake kuna gari.

Risasi zikianza kulia, watoto walikuwa wanaingizwa humo. Kila mtu mtaani aliamini kwamba risasi haipiti kwenye chuma, na ukuta wetu ulikuwa wa udongo. Wadogo zangu walifundishwa kama askari: mkiingia, kimya, kelele zikiisha, tokeni, fungeni mlango, teremsheni mkeka. Kufunga mlango na kuteremsha mkeka ndiyo amri waliyopigiwa kelele zaidi, kwa sababu gari likionekana tumekwisha.

Wiki ile mtoto wa kiume alikuwa anaachishwa ziwa. Kwetu mama hamwachishi mtoto wake mwenyewe. Mtoto anapewa mwanamke mwingine wa nyumba, alale naye, ale mkononi mwake, na mama mzazi anakaa mbali mpaka mtoto asahau. Hamwiti. Haulizi habari zake kila saa, maana akimwona atamlilia, na kazi yote itaharibika. Mtoto alipewa mama yangu. Mama mdogo alihamishiwa chumba cha mbele, na matiti yake yalikuwa yamejaa yanamuuma. Hakuvumilia. Mara mbili mama alikuta mkeka mtupu, akaenda polepole, akamkuta mama mdogo nyuma ya choo ananyonyesha kwa siri huku analia. Mara ya kwanza alimgombeza. Mara ya pili alirudi bila kumsemesha, akaniambia, "Muache. Iko anaumwa."

Asubuhi ya siku yenyewe risasi zililia upande wa soko. Mama aliwasukuma wadogo zangu ndani ya gari, akamlaza mtoto kwenye sakafu ya nyuma, usingizini, juu ya khanga iliyokunjwa. Kelele zikaisha. Wadogo zangu wakatoka wenyewe. Walikuwa wameambiwa kwamba mtoto anayeachishwa ziwa akilala asiamshwe, basi hawakumwamsha. Walifunga mlango. Waliteremsha mkeka. Walifanya kila kitu kama walivyofundishwa.

Mama aliwaona wanacheza uani, akaangalia mkeka wake chumbani, mtupu. Akawaza: wametoka naye, na mwenzangu amemwiba tena. Akanyamaza ili asimwaibishe mwenzake. Mama mdogo, upande wake, alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, mbele ya nyumba, na alikuwa amejiapia kwamba siku hiyo hatamwendea mtoto. Aliamini yuko kwa yaya. Jua likapanda. Kabla ya adhuhuri mama akaenda kugeuza mihogo juu ya kichanja, kama kila siku, huku anaimba kwa mdomo uliofungwa. Jirani yetu, mke wa fundi cherehani, alimwona kupitia ua wa miti, wakasalimiana.

Mimi ndiye niliyefungua mlango ule mchana, nikitafuta ungo tuliokuwa tunauweka humo. Sitasema nilichokiona. Nitasema kwamba joto lililotoka lilinipiga usoni, na kwamba nilipiga kelele mpaka waliokuwa njiani wakaingia. Mama alikuja anakimbia, akamchukua mtoto, akamwagia maji, akampepea, akamwagia maji tena. Mama mdogo alifika nyuma yake, akasimama tu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yaya, si alikuwa kwako?" Na mama akasema, "Si alikuwa kwako?"

Tulimzika alasiri hiyohiyo. Usiku haujaingia, mtaa mzima ulikuwa unajua, na gari ambalo tulilificha kwa jasho lote lile lilikuwa habari ya mjini.

Basi wakaanza. Kwenye foleni ya chumvi, kisimani, mbele ya msikiti, kila mtu alikuwa hakimu. Wanawake wa soko walisema mambo ni wazi: mke mkubwa hana mtoto wa kiume, mke mdogo amempata, unataka nini tena? Wazee wa msikiti walisema ni siku yake iliyofika, wakaishia hapo, na ilitusaidia kidogo sana. Wanafunzi waliorudi nyumbani kwa sababu shule zimefungwa waliweka mjadala chini ya taa ya duka. "Bon, tuseme alisahau," mmoja alisema, nami nikisikia. "Alors, kwa nini aligeuza mihogo? Iko anageuza mihogo juu ya kichwa ya mutoto, na anaimba!" Wote wakaguna. Yule hakuwahi kulea hata kuku. Nilimwambia hivyo, na mambo mengine ambayo msichana aliyechumbiwa hatakiwi kusema, na shangazi akanivuta kwa mkono hadi nyumbani.

Lakini mihogo ile ilinikosesha usingizi. Nilisema kwa kila aliyenisikiliza kwamba mikono ya mwanamke inageuza mihogo yenyewe, akili iko mbali. Nilisema mama alifikiri mtoto ananyonyeshwa kwa siri. Walinijibu, na walikuwa na haki yao, kwamba hayo mawazo yalikuwa kichwani mwa mama tu, na kichwa cha mtu hakifunguliwi kama mlango. Mama mwenyewe hakujitetea. Aliulizwa na mashangazi, akasema alivyofikiri, mara moja, kisha akafunga mdomo. Nilikuwa namwomba alie mbele za watu angalau. Hakulia mbele za mtu yeyote.

Waasi wakaja kwa sababu ya gari. Waliuliza magurudumu, wakayachimbua kwenye shimo la takataka, wakayafunga, wakaondoka nalo na mkeka mmoja ukiwa bado umening'inia nyuma. Tulifikiri yameisha. Kesho yake wakarudi kumchukua mama. Mkubwa wao alisema mwanamke aliyeficha mali ya mapinduzi na kuua mtoto wa kiume wa mapinduzi atahukumiwa na wananchi.

Kuhukumiwa na wananchi kulikuwa hivi: mshitakiwa anasimamishwa uwanjani, mkubwa anasema kosa, halafu anauliza watu. Watu wakipiga kelele kwamba ana kosa, harudi nyumbani. Wakinyamaza au wakimwombea, anaweza kurudi. Niliwahi kuona karani mmoja, mtu mpole, akiondoka duniani kwa kelele za watu waliokuwa hawajui hata jina lake. Kwa hiyo nilipowaona wale wanawake wa soko wanaelekea uwanjani, wamejifunga vitenge vizuri kama wanaokwenda harusini, niliwachukia kwa chuki ambayo haijaisha.

Mama alisimama peku. Mke wa fundi cherehani aliitwa, akaeleza habari za mihogo na kuimba. Alieleza vizuri, sikatai. Mkubwa wa waasi, kijana aliyefunga majani kichwani, akawageukia watu.

"Alisahau ao aliua?"

"Aliua!"

Haikuwa sauti ya wote, lakini ilitosha. Nilijaribu kupita mbele, mtu akanishika. Ndipo mama mdogo alipotoka katikati ya watu. Kitambaa cha kifuani kilikuwa kimelowa maziwa, wote waliona, na kelele zikapungua zenyewe. Wanawake waliokuwa wanapiga kelele zaidi ndio walioinamisha macho kwanza.

"Weye ni nani?" mkubwa akauliza.

"Mama ya mutoto."

"Donc sema. Ule mwanamuke aliua mutoto yako?"

Mama mdogo alimwangalia mama yangu. Alimwangalia sana. Tangu mazishi hawakuwa wamesemezana neno, na sikujua atasema nini.

"Papa," akasema, na yule kijana angeweza kuwa mdogo wake, "mimi ndiye nilikuwa naiba mutoto. Walinikataza kumunyonyesha, mi namuiba tu. Yaya alijua. Alinihurumia, hakusema. Ile siku aliwaza nimemuiba tena. Hakuua. Minajua roho yake kama yangu. Mukitaka kuua mutu, niko hapa."

Watu walinyamaza. Yule kijana aliangalia huku na huku, akitafuta kelele, hakuzipata. Akasema kosa la mama limekwisha kulipwa na gari, akawaambia wenzake waondoke. Tukatembea hadi nyumbani, mama mbele, mama mdogo nyuma, mimi katikati yao, na hakuna aliyegeuka.

Baadaye ndege zikaja na askari wa Kibelgiji, waasi wakakimbia, papa akarudi amekonda. Akina mama wale wawili waliishi nyumba moja mpaka uzeeni. Walilea watoto pamoja, maana mama mdogo alizaa tena, wasichana na wavulana, na wote walilala mgongoni mwa mama yangu. Mtaa haukuacha kubishana, ila ulipunguza sauti. Mimi nilibishana nao wote. Nimegombana na mawifi, nimeacha kusalimiana na jirani, nimeondoka harusini kabla ya chakula, kwa sababu mtu alisema neno moja kuhusu mihogo.

Mama alipokufa, mama mdogo ndiye aliyemwosha. Baada ya matanga nilibaki naye jikoni, tunachambua mchele. Nilikuwa nimekaa na shukrani yangu miaka mingi bila kuitoa, nikaona sasa ni wakati. Nikamwambia asante kwa siku ile ya uwanjani. Nikamwambia kwamba yeye peke yake, katika mji wote huu, ndiye aliyejua ukweli kama mimi.

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa.

"Mi sikujua, mwanangu," akasema.

Nikamuuliza hakujua nini.

"Kama alisahau ao hakusahau. Sikujua. Walikuwa wanataka kumuua, na mi nilikuwa na mutoto mumoja ndani ya udongo. Nikasema iishe. Ile ya kuiba mutoto, ile ni kweli. Ile ya roho yake, niliisema tu."

"Na baadaye? Miaka yote hii?"

"Nilimuangalia miaka yote. Akiwabeba watoto, namuangalia. Akilala, namuangalia. Alikuwa mutu muzuri. Lakini sikujua. Hata ile asubuhi ya mazishi, namuosha mikono, sikujua."

Nilikasirika. Niliweka ungo chini kwa nguvu, mchele ukamwagika, nikataka kumwambia kwamba basi alidanganya, kwamba alikula chakula cha mama yangu miaka yote huku anamshuku. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Aliniinulia macho, hayakuwa na ubaya wowote.

"Na weye?" akaniuliza. "Ulikuwa mukubwa, ulikuwa uani. Weye unajua?"

Nilikuwa nimelijibu swali hilo mara nyingi, sokoni, harusini, barabarani, kwa sauti ya juu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza akitaka kweli kusikia. Nikamwangalia mwanamke huyu aliyemrudisha mama yangu nyumbani bila kuwa na hakika, halafu akakaa na wasiwasi wake miaka yote asimwambie mtu, na nikaona kwamba yeye siwezi kumpigia kelele.

"Sijui, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akainama, tukaanza kuokota mchele pamoja.