Musamaha wa Chui kwa Mbuzi

Mimi ni mutu wa hasira. Waliofundisha nami huku Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ile ya sabini watakuambia hivyo kabla hata ya kukuambia jina langu. Baba yangu alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo kuja kununua samaki, akamuoa mama yangu wa huku, akasahau kurudi. Kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, njiani Kibemba, darasani Kiingereza, na kugomba nilijua kwa lugha zote tatu. Lakini kwa habari hii hasira yangu haikunifaa kitu. Mwisho wake nilisimama tu, mikono mitupu, nikatazama.

Mwalimu mukubwa mupya alitujia kutoka miji ya migodi. Alikuta shule imeoza. Watoto walichelewa kwa sababu asubuhi walikuwa wanavuta nyavu na baba zao, wakubwa waliwapiga wadogo, vyoo havikaribiki, na sisi walimu fimbo mukononi kutwa. Akakusanya fimbo zetu zote akachemshia chai. Ndiyo, chai, na tukainywa. Akasema mutoto mwenye tabia nzuri atajifunza, asiye na tabia utamupiga bure. Kila mwezi aliandika neno moja kwa chokaa kwenye ukuta, karibu na bendera: Ukweli, mwezi mwingine Usafi, mwingine Bidii. Darasa lililoshinda kwa tabia ndilo lililopandisha bendera. Na mutoto aliyekosa hakuguswa. Ijumaa alisimama mbele ya wenzake, akataja kosa lake, akaomba musamaha, na hapo kosa limekwisha, hakuna wa kulitaja tena. Aliyekataa kuomba alibaki nje ya darasa mpaka akubali.

Nilicheka sana. Nikawaambia wenzangu, chokaa itakwisha kabla tabia haijafika. Aka! Niliaibika. Mwaka ule ule watoto walianza kuwahi. Kalamu ikianguka chini, inarudishwa kwa mwenyewe. Kijana mumoja wa mguu mubovu, ambaye zamani alijificha nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko, sasa alicheza mupira na wengine, golini. Na masomo yenyewe yakapanda. Hata wangu wa darasa la nne, vichwa vigumu wale, walianza kusoma. Sitaki mutu afikiri ninamusema vibaya yule bwana. Alikuwa mutu muzuri, na kazi yake ilizaa.

Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Ukipita lango la shule, unaacha nje kabila lako na ukoo wako. Ndani sote ni taifa moja. Nilipiga makofi nilipoisikia, mimi nusu Mukongo niliyeitwa mugeni tangu utoto.

Darasa la saba kulikuwa na wasichana wawili waliokaa dawati moja. Mumoja alikuwa wa ukoo wa Chui, mwenzake wa ukoo wa Mbuzi. Huku kwetu ukoo unatoka kwa mama, na Chui na Mbuzi ni watani tangu wazee wa wazee, kwa sababu mumoja ni chakula cha mwenzake. Chui akikutana na Mbuzi anamutukana, anamunyang'anya chakula, na Mbuzi anarudishia, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Hiyo ni michezo ya kila siku. Kazi yenyewe ni siku ya kifo. Watani ndio wanachimba kaburi, ndio wanabeba maiti, ndio wanaingia ndani ya kilio wakimuiga marehemu na kumucheka, mpaka wafiwa nao wanacheka, wanakubali kula, wanarudi katika watu. Mugeni anakupa pole. Mutani anakutukana.

Yule wa Chui alikuwa na akili ya ajabu. Alitaka kuwa nesi. Mutihani wa darasa la saba ulikuwa mulango mumoja tu: ukipita unakwenda sekondari, ukishindwa unakausha samaki, na kabla ya mvua mbili mujomba wako amekuozesha. Mama yake alikuwa anauza samaki wa makobo, wakavu, kwa wafanyabiashara wa Kongo pale bandarini, na kila tukionana ananishika mukono. "Mama mwalimu, uniangalilie huyu mutoto. Ni huyu tu miye niko naye."

Miezi michache kabla ya mutihani, mama wa yule wa Mbuzi alikufa. Alikuwa anavuka na bwato, mutumbwi wa muti, kwenda shamba lake la mihogo, kiboko akalipindua. Chui walimuzika, kama inavyopaswa. Lakini mutoto wake hakulia, hakusema. Aliporudi shuleni alikaa anatazama ubao tu. Tulimupa pole sisi walimu, darasa zima likamupa pole kwa mustari, kwa adabu. Mwezi ule neno la ukutani lilikuwa Huruma. Alizipokea pole zote, akazidi kukauka.

Basi Jumatatu moja, tumepanga mistari mbele ya bendera, yule wa Chui akamugeukia mwenzake, akamupokonya muhogo wa kuchoma aliokuwa ameuficha mufukoni, akauma. Akasema kwa sauti ya kusikika huko barabarani: "Mbuzi na maji, wapi na wapi! Mama yako alikwenda kutafuta majani huko ziwani? Hata kiboko alicheka mpaka bwato likapinduka!"

Na yule wa Mbuzi, mutoto ambaye alikuwa kama gogo, akafumbua mudomo. Akacheka. Alicheka huku machozi na makamasi yanamutoka, akamupiga mwenzake mugongoni: "Nyamaza weye, Chui mudomo unanuka! Rudisha muhogo yangu!" Mimi nilimushukuru Mungu palepale, kwa sauti. Mayo, mama yangu, nilifurahi!

Mwalimu mukubwa alikuwa amesimama kwenye ngazi. Uso wake ulikuwa umekufa.

Hakupiga kelele, hakuwa mutu wa kelele. Alisema tu kwamba katika miaka yake yote hajasikia mutoto anamutukana mama wa mwenzake aliyekufa, tena mbele ya neno lile. Ijumaa aombe musamaha, itakwisha. Ijumaa ikafika, musichana akasimama mbele, mikono nyuma, akasema: "Sikumutukana, bwana. Ni mutani wangu." Akaambiwa hapa hakuna watani, hapa kuna wanafunzi. Akakataa kuomba. Akatolewa nje ya darasa, na mutihani unakuja.

Niliingia ofisini kwake siku hiyo hiyo. Nilimueleza yote. Unafikiri hakujua utani? Alijua, nani katika nchi hii hajui! Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwalimu, wale waliokuwa wanamutesa kijana wa mguu, walikuwa wanasemaje tukiwashika?"

Nilijua jibu. Walikuwa wanasema ni utani.

"Nikimufungulia huyu," akasema, "nitawafungia wale kwa ufunguo gani? Sitaki kumufukuza. Ninataka neno moja tu kutoka kinywani kwake."

Mimi, mugomvi, nilitoka nje nikasimama kwenye jua nimefunga mudomo. Hata leo ukiniuliza, sina jibu.

Nikaenda bandarini kwa mama yake. Nikamuambia ni neno moja tu, mutoto aliseme arudi darasani. Yule mama akaacha samaki wake, akanitazama kama mutu asiyenijua. "Mama mwalimu, weye ulizaliwa hapa. Akiomba musamaha, ile maneno inageuka matusi ya kweli. Tutakuwa tumetukana maiti ya watu. Mutani haombi musamaha, hapana! Akiomba, utani umekufa, na siku yetu nani atatuzika?"

Nilijua. Nilikuwa najua kabla sijafika. Nilikwenda tu kwa sababu kukaa bila kufanya kitu kulikuwa kunanichoma.

Ndipo nikafikiri: Mbuzi wenyewe waje waseme hawakukosewa. Nikamutafuta mujomba wa yule mufiwa, kaka wa marehemu, mukubwa wa ukoo wao. Alikubali mara moja. Alivaa koti na kofia yake ya Jumapili, akaja shuleni asubuhi. Mama wa Chui naye nilikuwa nimemuita, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Niliona mipango yangu ni mizuri sana.

Ole wangu! Nilisahau jambo ambalo hata mutoto hawezi kusahau, kwamba wale ni watani, na watani wakionana hawawezi kupita kimya. Mujomba alipofika penye benchi akaziba pua. "Kumbe ni weye! Nilifikiri mutu ametupa mizoga hapa. Chui muzee, meno imebaki mangapi?" Mama akaruka, akamupokonya kofia, akaikalia. "Njoo uichukue, Mbuzi weye! Dada yako amekwenda kunywa ziwa lote, ametuachia kiu!" Wakacheka wote wawili, yule bwana anafuta machozi na mukono wa koti, kwa sababu dada yake alikuwa anamulilia kweli.

Mulango wa ofisi ulikuwa wazi.

Mwalimu mukubwa akatoka taratibu. Mujomba akajaribu kuvaa kofia iliyokunjamana, akaanza kueleza kwamba hakuna kosa, kwamba wao hawana neno na Chui. Mwalimu mukubwa alimusikiliza kwa heshima zote. Akasema, "Asante, baba. Sasa nimeelewa mutoto amejifunza wapi." Akawasindikiza mpaka langoni, watu wazima wale, kama watoto waliochelewa. Nililia njia nzima kwenda nyumbani, kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda.

Asubuhi ya mutihani, jua bado, mama wa Chui alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa. "Nimemuambia aseme," akanena. "Mujomba wake amekwisha kutafuta mume, mutu wa kule Puta mwenye wake wawili. Maji ikimwagika haizoleki, najua. Lakini mutoto ni wangu. Mungu anisamehe." Nikamushika mikono. Nilitaka kumuambia asubiri, nikakosa asubiri nini.

Mimi ndiye niliyepangwa kusimamia chumba cha mutihani. Watoto wamekwisha kukaa, kila mumoja na kalamu yake. Mwalimu mukubwa akaingia na yule musichana, akamusimamisha mbele. Uso wa yule bwana ulikuwa na furaha, na ilikuwa furaha safi, hilo ndilo linaniumiza. Musichana alimutazama mwenzake wa Mbuzi, aliyekaa karibu na dirisha, akasema polepole, "Ninaomba musamaha kwa kumutukana mama yako."

Yule wa Mbuzi akasimama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kumbe ulikuwa unamutukana kweli?"

Wa Chui akafungua mudomo. Lakini mwalimu mukubwa alimuwahi. "Ndiyo," akajibu yeye, kwa upole, "ndiyo maana anaomba musamaha."

Mutoto wa watu akakaa chini, akaanza kulia. Hakuwa analia kama siku ile ya muhogo. Alilia kwa kujikunja, kichwa kwenye meza, kama mama yake ameletwa kutoka majini sasa hivi. Mwalimu mukubwa akaniinamia akanong'ona, "Acha alie, ni machozi mazuri, wanapatana." Halafu akatoka, akafunga mulango, na kwa sheria ya mutihani hakuna mutu aliyeruhusiwa kusema tena, wala mimi. Nilitembea kati ya madawati. Nilipita kwa yule anayelia mara nyingi sana. Niliweka mukono wangu mugongoni kwake, nikauondoa. Wa Chui alikuwa anaandika bila kuinua macho, haraka haraka. Muda ulipokwisha nilikusanya karatasi, na ya yule wa dirishani ilikuwa nyeupe, imelowa.

Matokeo yalipokuja, shule yetu ilisifiwa. Wageni wakaja kutazama maneno ya ukutani, mwalimu mukubwa akawaeleza, na wengine wakaenda kufanya hivyo kwao. Yule wa Chui alipita, akapata nafasi yake ya sekondari. Mwenzake alichukua kisu na kikapu, akaanza kupasua samaki na shangazi zake.

Wiki ile yule wa Chui alipofunga mizigo kwenda sekondari, bibi wa Mbuzi, yule aliyemuzaa marehemu, akafa naye, kwa uzee. Chui wakaja na majembe yao kama kawaida. Nilikuwa pale kwenye kilio. Yule musichana alikuja na mama yake, amefunga kitenge, na nikamuona anatafuta mwenzake kwa macho. Mama yake akaanza: "Haya, Mbuzi, mutoeni huyu muzee mwenye ndevu..."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejibu. Mujomba akavua kofia, akawapokea majembe kwa mikono miwili, akayaegemeza ukutani. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa na watu wengine. Yule mutoto wa Mbuzi akatoka ndani na viti viwili. Akaviweka chini ya paa, mahali pa wageni, akavifuta vumbi kwa kitenge chake. Akapiga magoti kama tulivyowafundisha.

"Karibuni," akasema. "Asanteni kwa kuja."