Mwanafunzi Bora Hupewa Chaki

Jioni moja mwaka huu binti yangu alirudi nyumbani kwetu mtaa wa Waberi na unga wa chaki mpaka kwenye hijabu. Yuko kidato cha tatu, shule ileile niliyosoma mimi. "Hooyo, leo nimefundisha kemia!" akaniambia, furaha tele. Mama mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nikakaa mkekani.

Shule ile naijua. Ukutani mwa ofisi wamepaka rangi historia yake: ilivyoanza na madarasa ya mabati, ilivyopata maabara, ilivyopanda kwenye matokeo. Hakuna mstari unaosema kwamba nilipokuwa kidato cha nne, basi lilishambuliwa barabarani na walimu wa kutoka Kenya, maana huku kaskazini mashariki ndivyo tunavyoziita sehemu nyingine za nchi hii, wakafungasha virago. Hao siwalaumu. Roho ni roho. Ninaowalaumu ni waliobaki ofisini wakinywa chai.

Naibu wa mkuu wa shule aliingia darasani akauliza nani wa kwanza katika kemia. Nikainua mkono, mjinga mimi, najiona malkia. Akanipa chaki. Mwaka mzima nikasimama mbele ya wenzangu nikirudia mada nilizozijua, kwa sababu zile nisizozijua ningemuuliza nani? Bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia, niliichora ubaoni mpaka nikaweza kuichora nimefumba macho. Kuishika sikuwahi. Maabara ilipigwa kufuli, eti vyombo visivunjike! Siku ya mtihani wa vitendo nikavunja bureti kabla sijaanza. Nilipata D, na chuo cha uuguzi hakimtaki mtu wa D. Siku ya zawadi wakanipigia makofi kwa kufundisha wenzangu, wakanipa chupa ya chai. Chupa ya chai, jamani! Leo nauza maziwa ya ngamia sokoni. Sioni haya, ni riziki ya halali, lakini wallahi uchungu haujanitoka.

Na huyu wangu anataka udaktari.

Asubuhi nikaenda. Yule naibu wa zamani sasa ndiye mkuu. "Karibu, abaayo, karibu dada yangu! Binti amerithi kichwa chako." Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mwalimu," nikamwambia, "binti yangu hakuja hapa kufundisha. Alikuja kufundishwa."

"Tumeomba mwalimu wa kemia. Ataletwa, inshallah."

"Hata mimi uliniambia hivyohivyo."

Akavua miwani, akaifuta polepole. "Sasa wenzake wakae bure?"

Swali hilo lilinichemsha damu zaidi. Wasichana darasa zima, kila mmoja ana mama. Lakini nilikwenda kwa ajili ya wangu. "Wangu hapana," nikasema. "Mtafute mwingine."

Nilidhani atabishana. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata sauti nilishaipandisha. Wapi! Aliinuka tu, akatangulia, nikamfuata mpaka darasani. Binti yangu alikuwa ubaoni. Mkuu akamwambia arudi kwenye dawati lake. Akarudi bila kunitazama, midomo imemvimba kwa hasira, na najua wiki hiyo yote hatanisemesha. Asinisemeshe. Atasoma.

Kisha mkuu akaligeukia darasa. "Nani wa pili katika kemia?"

Mkono ukapaa kule nyuma. Nilimtambua kabla hajasimama: binti wa mwenzangu sokoni, tunauza maziwa meza moja. Akaja mbele mbiombio akitabasamu, anaona bahati imemwangukia. Mama yake saa ile alikuwa sokoni, ananiangalizia maziwa yangu ili mimi nipate nafasi ya kuja shuleni. Mkuu akamkabidhi chaki, wenzake wakampigia makofi, na mimi nikageuka kurudi sokoni, kwa mama yake.