Jibu Lisilofika

Bi Haloo alistaafu kazi ya uopereta wa simu, lakini udadisi wake haukustaafu naye. Miaka ishirini na minane alikaa mbele ya swichibodi, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, akiwaunganisha watu ambao hakuwahi kuwaona hata sura. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, bintiye, fundi wa programu za simu, alipokuja na programu ya kuonyesha akiba ya damu ya hospitali, mama aliizima pasi, akasukuma nguo pembeni na kuvuta kiti.

"Hizo chupa za damu zimeandikwa humu ndani ya simu?"

"Hapana, mama. Orodha iko kwenye hifadhidata, kompyuta iliyoko mbali huko benki ya damu. Simu inauliza tu."

"Inamuuliza nani? Mtu haingii tu stoo ya watu akaanza kupekua."

Binti akacheka. "Katikati kuna huduma ya wavuti. Inapokea swali, inahakikisha muulizaji anaruhusiwa, inaenda kutazama, inarudisha jibu."

"Ala! Kumbe ndiyo mimi!" Bi Haloo akafurahi waziwazi, maana kwa umri wake si kila siku unakutana na jambo jipya ukajikuta umo.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, naye alitaka kujaribu mwenyewe. Akagusa kundi O hasi: chupa sita. Akaenda na simu jikoni: sita. Chooni: sita. Mwisho akajibana kwenye kistoo cha chini ya ngazi, ambako simu zote za nyumba ile hukosa mtandao. Akatoka amekunja uso.

"Damu imekwisha. Inasema sifuri."

"Haijaisha, humo hakuna mtandao tu. Jibu lisipofika naweka sifuri, ili skrini isikae tupu ikaonekana mbovu."

Furaha yote ikamtoka Bi Haloo, akakasirika hasa. "Kwa hiyo muuguzi mwenye mgonjwa anayevuja damu ataambiwa hakuna, na kumbe zipo sita?"

Programu ilikuwa ianze kazi Jumatatu, na mkuu wake alikwisha kuwatangazia madaktari.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini," mama akasema, "mwanamke alipiga akimtafuta kaka yake, kibarua wa ghalani. Nikaita ghalani, hawakupokea. Nilikuwa na simu nne zinanilia, nikamjibu, 'Hayupo.' Akauliza, 'Hayupo kabisa?' Nikasema, 'Hayupo,' nikachomoa waya. Jioni kaka mtu akapita kuniuliza kama dada yake amepiga. Kutwa nzima alikuwa ghalani anashusha magunia."

Binti akainua simu, akampigia mkuu wake. "Jumatatu haitawezekana. Ndiyo, najua umeshawaambia. Bosi, hii inaweza kuua mtu." Akafokewa weee, lakini hakurudi nyuma. Kisha akafungua kompyuta mezani, kando ya nguo zilizokunjamana, akafuta ile sifuri na kuandika mahali pake: *Jibu halijafika. Piga simu benki ya damu.* Chini yake akaweka namba.

"Mama, yule dada alipiga tena?"

Bi Haloo alikuwa ameishika pasi bila kuiwasha.

"Miaka ishirini na saba, mwanangu, kila mwanamke aliyepiga nilingoja aulizie ghalani."